Hukumu Imetenguliwa, Lakini Hajashinda Mtu

Leo nataka tuongelee kitu ambacho kinanikera kila nikikiona kwenye kurasa za michezo. Mwanamichezo maarufu kafungwa kwa kosa la jinai. Miaka inapita. Halafu siku moja mahakama ya juu inasema hukumu ile imetenguliwa, kesi isikilizwe upya. Basi! Hata dakika tano haziishi, upande mmoja umeshaandika "si niliwaambia, jamaa kaonewa!" na upande wa pili umeshajibu "pesa imeongea, mbakaji kaachiwa." Wote wamesoma neno "imetenguliwa" wakaishia hapo. Yale maneno ya mwisho, "isikilizwe upya", hakuna aliyeyagusa.

Mimi si mwanasheria, nimemaliza sekondari tu na kuandika naandika kwa kujitegemea. Lakini kesi moja ya aina hii nimeisoma kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na nadhani inafundisha kuliko kelele zote za vijiweni. Ni kesi ya Ched Evans, mshambuliaji wa Wales. Wale wa Ligi Kuu ya Uingereza tu mnaweza msimkumbuke, ila wanaofuatilia mpaka madaraja ya chini wanamjua vizuri.

KISA CHENYEWE

Evans alikulia Manchester City, mwaka 2009 akauzwa Sheffield United kwa pauni milioni 3. Msimu wa 2011/12, Sheffield United ikiwa daraja la tatu, jamaa alikuwa moto wa kuotea mbali: mabao 35 msimu mmoja. Timu ilikuwa inakimbilia kupanda daraja na yeye ndiye aliyekuwa anaibeba.

Lakini huku nyuma kulikuwa na kesi. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Mei 2011, kwenye hoteli moja karibu na mji wa Rhyl, kaskazini mwa Wales, Evans na mchezaji mwenzake Clayton McDonald walilala na binti wa miaka 19. Wote wawili walisema binti aliridhia. Binti mwenyewe alisema aliamka asubuhi hakumbuki kilichotokea. Upande wa mashtaka ukasema alikuwa amelewa kiasi kwamba hakuwa na uwezo wa kutoa ridhaa, kwa hiyo ni ubakaji.

Tarehe 20 Aprili 2012 mahakama ya Caernarfon ikatoa uamuzi. McDonald, hana hatia. Evans, ana hatia, miaka 5 jela. Siku mbili tu baadaye, jina la Evans likatangazwa kwenye kikosi bora cha mwaka cha daraja lake, kwa sababu wachezaji wenzake walikuwa wameshapiga kura kabla. Unaona jinsi mambo yalivyoanza kuchanganyika mapema? Mtu mmoja, wiki moja, mfungwa na nyota wa msimu. Na Sheffield United ikaishia kufungwa kwa penalti na Huddersfield kwenye fainali ya kupanda daraja. Kuna mashabiki ambao hasira ya kukosa kupanda na hasira ya hukumu waliziweka kapu moja.

KELELE ZA KWANZA

Sasa hapa ndipo pa kuangalia kwa makini. Uingereza ina sheria kwamba mtu anayedaiwa kufanyiwa kosa la kingono hatajwi jina hadharani maisha yake yote. Haijalishi kesi imeishaje. Lakini hukumu ilipotoka tu, jina la yule binti likaanza kuzunguka Twitter (siku hizi inaitwa X). Watu wakamtukana, wakamwita kila jina baya, wakasema kavunja maisha ya mtu kwa tamaa ya pesa. Novemba 2012 watu 9 walifikishwa mahakamani kwa kusambaza jina hilo, wakakubali kosa, na kila mmoja akaamriwa kumlipa binti pauni 624.

Pauni 624! Jina lilishasambaa. Baba yake alikuja kusema hadharani kwamba binti yake amelazimika kubadili utambulisho na kuhamahama. Pesa hiyo haimrudishi mtu nyumbani kwake.

Mwezi huohuo majaji wa rufani wakakataa ombi la Evans la kukata rufaa. Oktoba 2014 akatoka jela baada ya kutumikia nusu ya kifungo, kama taratibu za kule zinavyoruhusu. Sheffield United wakasema anaweza kufanya mazoezi na timu. Hapo sasa ndipo kasheshe lilipoanza. Watu zaidi ya 150,000 walitia saini kupinga asirudishwe. Mtangazaji wa TV Charlie Webster akajiuzulu ulezi wake pale klabuni. Jessica Ennis-Hill, bingwa wa Olimpiki ya London 2012 kwenye michezo saba, ambaye jukwaa moja la uwanja wa Sheffield United lilibeba jina lake, akasema akisajiliwa jamaa basi jina langu ling'olewe. Kwa kusema hivyo tu, akatumiwa vitisho vya kubakwa mtandaoni.

Tulia uelewe hapo. Mtu anataka kuthibitisha kwamba mchezaji wake si mbakaji, na njia anayotumia ni kumtishia mwanamke mwingine kumbaka. Akili gani hiyo?

Klabu ikarudi nyuma. Januari 2015 Oldham wakajaribu kumsajili, nao wakaachana naye baada ya wadhamini kugoma na wafanyakazi wa klabu kupewa vitisho. Kwa hiyo na upande ule wa pili, waliosema wanatetea wanawake, ulikuwa na watu wake wa kutisha wenzao. Ushabiki ukishaingia, kila kambi inazaa vichaa wake.

TAREHE 21 APRILI 2016

Evans hakukaa kimya. Familia yake ilifungua tovuti ya kumtetea, na ilitangazwa zawadi ya pauni 50,000 kwa atakayeleta taarifa za kumsaidia kushinda. Oktoba 2015 tume ya Uingereza inayopitia kesi zinazohisiwa kuwa na kasoro ikairudisha kesi yake kwenye Mahakama ya Rufani. Tarehe 21 Aprili 2016, mwaka wa nne na siku moja tangu ahukumiwe, majaji watatu wakatengua hukumu. Wakaamuru kesi isikilizwe upya.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri. Majaji walisema kuna ushahidi mpya. Lakini ushahidi wenyewe ni upi, vyombo vya habari vilizuiwa kuandika. Sababu kamili za majaji zilifungiwa mpaka kesi mpya iishe, ili raia watakaokaa kuamua kesi hiyo wasije wakiwa wameshasoma magazetini na kujaza vichwa. Kule mwenye kuamua kama mtu ana hatia ni juri, yaani raia 12 wa kawaida waliochaguliwa kwa bahati nasibu. Jaji anaongoza na kutoa adhabu.

Kwa hiyo kuanzia Aprili mpaka Oktoba 2016, miezi karibu sita, maelfu ya watu walikuwa wanashangilia na wengine wanalaani uamuzi ambao sababu zake hawajaziona. Hawakuwa na kitu mkononi! Aliyesema "kasafishwa" hakujua kasafishwa kwa lipi. Aliyesema "mahakama imenunuliwa" hakujua mahakama imesema nini. Ila walivyokuwa wanaandika kwa uhakika, ungedhani walikuwa chumba kimoja na majaji.

MAANA YA KUSIKILIZWA UPYA

Nitumie lugha yetu ya mpira. Mechi imechezwa, timu yako imefungwa 2-0. Baadaye kamati inakaa, inakuta mechi ile ilikuwa na kasoro kubwa, inaamuru irudiwe. Je, timu yako imeshinda? Hapana. Je, bado imefungwa 2-0? Hapana pia. Yale mabao hayapo tena, pointi hakuna aliyezipata, ubao unasoma 0-0 na mnasubiri filimbi. Anayebeba kombe barabarani usiku huo anajidanganya, na anayekuja kukucheka kwamba mlifungwa naye anajidanganya.

Ndivyo ilivyo mahakamani. Hukumu ikitenguliwa na kesi kuamriwa upya, mtu anarudi pale alipokuwa kabla ya kesi ya kwanza: ni mshitakiwa, na sheria inamhesabu hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kumwita mbakaji au muuaji wakati huo ni kosa. Lakini mashtaka bado yapo. Hajaambiwa "nenda nyumbani". Kwa hiyo kusema kasafishwa nako ni kosa.

Watu wengi wanachanganya hili na vitu vingine viwili. Kuna msamaha wa Rais, ambao unamtoa mtu jela lakini haumaanishi kwamba mahakama imesema hakufanya. Na kuna kuachiwa huru moja kwa moja kwenye rufaa, ambapo majaji wanafuta hatia na mambo yanaishia hapo. Vyote vitatu mtu anaweza kuonekana anatoka getini anapunga mkono, picha ni ileile, ila maana ni tatu tofauti kabisa.

Na msidhani haya ni mambo ya Wazungu tu. Huku kwetu kuna kesi ambayo mawakili wanaitaja mpaka leo, Fatehali Manji dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1966, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki. Ilisema kesi isiamriwe kuanza upya hivihivi. Iamriwe pale kesi ya kwanza ilipoendeshwa kinyume cha sheria au kwa kasoro, na haki ikidai hivyo. Kama tatizo ni kwamba upande wa mashtaka haukuwa na ushahidi wa kutosha, usipewe nafasi ya pili ya kuziba matundu yake. Maana yake nini? Maana yake ukisikia huku kwetu jaji wa rufani kaamuru kesi isikilizwe upya, mara nyingi anakwambia tatizo lilikuwa kwenye uendeshaji. Kuhusu kama mshitakiwa alifanya au hakufanya, bado hajakwambia kitu. Wewe unayeandika "kashinda rufaa, hana kosa" unamwekea jaji maneno mdomoni.

MWINGINE ALIYESHANGILIWA MAPEMA

Kuna atakayesema, sawa, lakini Evans mwisho wa siku si alishinda? Nitafika huko. Kwanza nimlete bondia, maana kisa chake kinaonyesha upande wa pili wa shilingi. Mliopenda filamu za Denzel Washington mtakuwa mmeiona The Hurricane ya mwaka 1999. Huyo ndiye Rubin "Hurricane" Carter.

Juni 1966 watu wenye bunduki waliingia baa moja mjini Paterson, New Jersey, Marekani. Watu watatu walikufa, mmoja kati yao baada ya wiki kadhaa. Carter, Mmarekani mweusi aliyewahi kugombea ubingwa wa dunia wa uzito wa kati, alikamatwa pamoja na kijana aitwaye John Artis. Mwaka 1967 wakahukumiwa kifungo cha maisha. Miaka ya sabini mashahidi wawili muhimu wakageuka, wakasema walidanganya. Muhammad Ali akaingia barabarani kuandamana. Bob Dylan akatunga wimbo. Tarehe 17 Machi 1976 Mahakama Kuu ya jimbo la New Jersey ikatengua hukumu kwa sababu upande wa mashtaka ulificha ushahidi ambao utetezi ulikuwa na haki ya kuuona. Kesi ikaamriwa upya. Carter akatoka kwa dhamana, na waliomuunga mkono wakaona kama vita imeisha.

Haikuisha. Akiwa nje kwa dhamana, mwanamke mmoja aliyekuwa amefanya kampeni ya kumtetea alimtuhumu kwamba amempiga. Carter alikana, lakini waliokuwa wakimzunguka wakaanza kupungua mmoja mmoja. Desemba 1976 kesi ya pili ikaisha: ana hatia, tena. Akarudishwa jela, na safari hii maandamano ya watu maarufu hayakuwepo tena. Alikaa humo mpaka Novemba 1985, pale jaji wa mahakama ya shirikisho, H. Lee Sarokin, alipotengua na hukumu ya pili akisema iliegemea ubaguzi wa rangi na kuficha ushahidi. Mwaka 1988 mashtaka yakafutwa kabisa.

Hesabu mwenyewe. Kutenguliwa kwa 1976 hakukuwa ushindi. Na kuhukumiwa tena Desemba ile hakukuwa ukweli wa mwisho. Walioshangilia Machi walikosea, na waliomkimbia baada ya hukumu ya pili walikosea zaidi, kwa sababu alikuwa anawahitaji kuliko wakati wowote. Umati ulimpenda alipokuwa habari. Waliobaki naye miaka ya giza walikuwa wachache, na mawakili waliosoma makaratasi ukurasa kwa ukurasa.

KESI MPYA YA EVANS

Turudi Wales. Juni 2016, kesi mpya haijaanza, klabu ya Chesterfield ikamsajili Evans. Agosti mechi yake ya kwanza ya ligi dhidi ya Oxford United akafunga bao. Kisheria Chesterfield walikuwa na haki, maana jamaa hakuwa na hatia yoyote juu yake siku hiyo. Wengine waliona wangesubiri miezi minne tu. Hilo ni suala la kujadiliana, na mimi nadhani kusubiri kungekuwa busara, maana klabu ikimvisha mtu jezi wakati huo mashabiki wanaelewa kwamba imeshatoa hukumu yake.

Oktoba 2016 kesi ikasikilizwa Cardiff mbele ya juri ya wanawake 7 na wanaume 5. Tarehe 14 Oktoba wakasema: hana hatia. Hapo sasa ndipo neno "kaachiwa huru" linapofaa. Kuanzia siku hiyo mtu akimwita Evans mbakaji anamsingizia. Mwaka 2017 akarudi Sheffield United. Kati ya hukumu ya kwanza na mechi ile ya Oxford miaka zaidi ya minne ya mpira ilikuwa imempita, na zile zilikuwa ndizo nguvu zake, kuanzia miaka 23 mpaka 27. Hilo nalo ni la kuumiza, tusijifanye hatulioni.

Na ndipo ushahidi mpya ukajulikana. Wanaume wawili walikuja kueleza walivyokuwa na yule binti nyakati nyingine, na utetezi ukasema maelezo yao yanafanana na yale ya Evans. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1999 kwa kawaida inazuia mahakama kuchimba historia ya mapenzi ya mlalamikaji. Hapa majaji waliona kesi hii inaingia kwenye nafasi finyu ambayo sheria yenyewe inairuhusu. Watetezi wa wanawake na baadhi ya wabunge wakaogopa: je, mwanamke mwingine akibakwa kesho ataenda polisi akijua maisha yake ya chumbani yataanikwa mbele ya wageni? Serikali ikaamua kuchunguza. Desemba 2017 ikatoa majibu kwamba katika kesi 309 za ubakaji zilizopitiwa, asilimia 92 utetezi haukuingiza kabisa ushahidi wa aina hiyo. Wengine wakaridhika, wengine wakasema hofu ya wanawake haipimwi kwa asilimia.

Mnaona? Huu ndio mjadala wenye nyama. Watu wazima wanaweza kukaa wakabishana juu ya sheria hii mpaka kafe ifungwe. Ungeweza kufanyika bila kumtaja binti jina na bila kumtishia mtu kumbaka. Lakini miaka yote ile, muda mwingi uliliwa na "timu Evans" na wapinzani wao.

Na kuna jambo moja wengi wanalipitia juujuu. Juri iliposema Evans hana hatia, haikusema binti ni mwongo. Swali walilopewa lilikuwa: je, mmethibitishiwa pasipo shaka kwamba huyu bwana alibaka? Wakajibu hapana. Basi. Binti tangu mwanzo alisema hakumbuki. Ni polisi na waendesha mashtaka walioamua kufungua kesi. Inawezekana kabisa kwa wakati mmoja kwamba Evans hana hatia na binti hakudanganya. Lakini mashabiki wanataka kila kesi iwe na mshindi na mshindwa, kwa hiyo siku ile ya Oktoba matusi yakaanza upya kwa mtu aliyekuwa ameshahama makazi.

KWA NINI TUNAFANYA HIVI?

Nadhani sababu ni jezi. Mwanamichezo unayempenda unahisi unamjua. Umemtazama kila wikiendi, umeshangilia mabao yake, umenuna naye. Yule binti humjui, hana jezi, hana wimbo, hana picha ukutani kwako. Kwa hiyo moyo umeshachagua kabla macho hayajasoma. Na kwa upande mwingine kuna watu wamechoka kuona wenye majina wakiponyoka, basi kila mwenye jina akishitakiwa kwao ameshafanya. Uchovu wao nauelewa, maana wenye majina wengi kweli huponyoka. Ila kesi ya huyu lazima ipimwe kwa ushahidi wa huyu. Madhambi ya wenzake hayamo kwenye jalada lake.

Kuna atakayeniuliza: kwa hiyo tukae kimya, tusiongee? La hasha. Ongeeni! Ongeeni kama klabu imefanya busara kusajili. Ongeeni kama sheria ina matundu. Ongeeni kama maskini asiye na familia ya kutangaza pauni 50,000 angepata nafasi hiyohiyo ya kesi yake kufunguliwa upya, maana hilo ndilo swali ambalo mimi linaninyima usingizi. Magereza ya dunia nzima yana watu ambao hawajawahi kufunga bao lolote, na hukumu zao zina kasoro kama za Carter, ila hakuna Ali wa kuwaandamania. Tukitaka kupigia kelele haki, tuanzie hapo.

Kitu pekee ninachoomba ni hiki. Siku nyingine ukiona kichwa cha habari "hukumu ya fulani yatenguliwa", kabla hujasambaza kwenye WhatsApp, jiulize maswali matatu. Moja: kaachiwa huru, kasamehewa, au kesi inaanza upya? Pili: mahakama imetaja sababu, au bado? Tatu: ninachotaka kuandika kitamfikia nani ambaye hawezi kunijibu? Swali la tatu ndilo zito. Evans alikuwa na mawakili, na Carter alikuwa na Ali, japo kwa muda. Mtu aliyekosa vyote hivyo katika hadithi hizi ndiye aliyekatazwa na sheria hata kutajwa jina, na ndiye aliyetukanwa kuliko wote.

Haya wadau, mimi nimemaliza, uwanja ni wenu. Chesterfield walikuwa sahihi kumsajili kabla ya kesi, au wangesubiri? Na historia ya mlalamikaji iruhusiwe mahakamani au ifungiwe kabisa? Mwageni hoja hapo chini. Kupinga ruksa, kunipinga mimi ndiyo raha yenyewe. Ila atakayeleta jina la yule binti nafuta papo hapo, asije akanilaumu.